Hesabu ya Kupe

Mbwa wanne kati ya hawa ni wa kaka yangu Gaudensi,
aliyehamia Mpanda na kitanda, jiko na redio
akasema, "Hawa nitawafuata mwezi ujao, dada."
Mwezi ujao umetimiza miaka miwili.

Majina aliwapa yeye, kwa faida ya majirani:
Hayakuhusu. Semeni Tena. Jaribu Uone. Deni.
Wa tano alijileta mwenyewe na mvua za Aprili,
hajatimiza hata miezi miwili, tumbo kama kibuyu.
Nikamwita Basi.

Shuleni mwalimu alitufundisha kupe
ni mtu anayekula jasho la mwenzake.
Tukaandika hivyo, tukapata vema.
Hakutuambia kwamba kupe mwenyewe
hukaa nyuma ya sikio, wa kijivu, kama punje ya mbaazi,
na ukimbandua vibaya huacha kichwa ndani
kama mgeni anayesahau begi ili arudi.

Goba, Jumamosi, duka la dawa za mifugo.
Editruda anazipanga kwenye kaunta kama karata:
kidonge cha kutafuna, elfu arobaini na mbili,
mbwa mmoja, mwezi mmoja;
matone ya mgongoni, elfu kumi na nane;
kola, elfu tisa, "lakini za bei hii, mama,
mimi mwenyewe siziamini";
chupa ya kuogeshea, elfu saba na mia tano,
inayonuka lami iliyonyeshewa.

Nazidisha kwa tano kwenye kiganja.
Kidonge mara tano ni unga, mafuta, gesi,
ni maandazi ya mwezi mzima yaliyoumuka kwa ajili ya kupe.

Mwanamume nyuma yangu, kofia ya timu kichwani,
anashauri ile ya kupulizia mihogo:
"Hiyo inaua kila kitu."
"Kila kitu," anajibu Editruda bila kumtazama,
"ndilo tatizo lake."

Ananiuliza uzito. Uzito!
Namwambia Hayakuhusu ni nusu gunia la mkaa,
Basi ni mfuko wa sukari, na huo umeshafunguliwa.
"Huyo mdogo dawa usimguse.
Kitana, vidole, na subira."
Na Deni? Deni ni mzee, ana vidonda mgongoni,
akimwagiwa maji tu analia kama mlango.
"Basi Deni apewe kidonge. Watatu waliobaki, chupa."
Anaandika kipimo kwa wino mwekundu, anakipigia mstari mara mbili.
"Na banda, mama. Nusu ya kupe wako
hawapo kwa mbwa, wapo kwenye nyufa."

Arobaini na tisa na mia tano.
Nilikuja na hamsini.
Ile mia tano inayorudi naishika mpaka nyumbani
kama cheti.

Bomba limekauka tangu Jumatano.
Bi Mwanakheri, asiyewagusa mbwa wala kivuli chao,
anapitisha mpira wa tangi lake juu ya ukuta:
"Chukua maji. Sitaki shukrani.
Kupe hajui ukuta huu ni wa nani."
Semeni Tena anajikung'uta, ananiogesha na mimi.
Jaribu Uone anajificha uvunguni,
aibu kwa jina lake.
Deni anameza kidonge ndani ya kipande cha andazi,
anatazama mkono wangu kama kuna kingine.
Elfu arobaini na mbili, Deni. Tafuna polepole.

Usiku umeme upo, kwa bahati.
Basi amelala chali mapajani,
na mimi natafuta, natafuta,
kati ya vidole vya miguu, chini ya kwapa,
kila niliyempata namzamisha
kwenye kopo la mafuta ya taa.

Simu inaita. Nambana Gaudensi kati ya sikio na bega.
"Dada, mbwa wangu hawajambo?"
Ishirini na tisa. Thelathini.
"Wangu hawajambo," nasema.
Kimya cha Mpanda ni kirefu, kina upepo.
Thelathini na moja.