Diski Imejaa

Kompyuta ya duka langu, Mbagala Rangi Tatu,
inaamka kama mlinzi aliyesinzia zamu:
inafumbua jicho moja, inalifumba,
inazungusha kile kiduara chake
mpaka mteja anakumbuka ana shughuli kwingine.

Nikampigia Sikujua.
Jina alipewa na bibi yake, Kisarawe,
na hakuna utani kuliko huo,
maana mashine ikigoma kuanzia Zakhem hadi Kijichi
Sikujua ndiye anayejua.

"Kwanza usiipige," alisema. "Si punda."
Nilikuwa nimeshaipiga.
"Izime. Sio kuchomoa waya kama unang'oa muhogo;
izime kwa adabu, hesabu thelathini, washa.
Nusu ya magonjwa ya mashine ni uchovu."

Nikahesabu.
Kwenye ishirini na mbili umeme ukakatika,
mtaa mzima ukaguna kwa sauti moja.

Kesho yake akaja mwenyewe,
bisibisi mfukoni mwa baibui,
akaifungua ubavu.
Vumbi la ujenzi wa barabara limelala humo
nene kama sufi ya mto,
na mjusi mkavu, marehemu wa siku nyingi,
kaikumbatia feni.
"Huyu naye alifuata ubaridi,"
akampuliza nje bila matanga.

Kisha akaniamuru nishike kalamu.
Niliandika nyuma ya daftari la madeni:

Flashi ya mteja ni mgeni.
Nyumbani mgeni hakaguliwi, hapa mkague kwanza.

Mfumo ukiomba kujisasisha, usiuambie "baadaye" kila siku.
Uache ujisasishe usiku, bando la usiku ni rahisi.

Programu ikiganda, itafute kwenye orodha,
ifunge hiyo hiyo peke yake.
Hatuchomi nyumba kwa kunguni mmoja.

Nywila haibandikwi kwenye skrini.
(Nikaibandua huku naandika.)

Mwisho akaniwekea kidole kwenye mstari mwekundu.
"Diski imejaa. Mfumo hauna pa kupumulia.
Futa usivyovihitaji." Akaenda kunywa supu.

Nikafungua: barua ya Shomari Pazi kuomba udereva,
nakala kumi na moja,
kila moja kampuni nyingine, unyenyekevu uleule.
Nikafungua: kamati ya harusi ya Mwajabu,
walioahidi, waliotoa.
Safu ya pili ni fupi.
Nikafungua: wasifu wa marehemu Bi Tunu Ngwele,
aliyekuwa akiniuzia maandazi;
mwaka wa kuzaliwa niliubadilisha mara tatu
maana ndugu hawakukubaliana,
na mara ya tatu nilikuwa nalia nikichapa.
Mikataba ya vyumba. Talaka moja.
Ratiba ya ligi ya mchangani.
Picha za pasipoti za watu ambao hawajasafiri.

Nikazichagua zote. Zikawa buluu.
Mashine ikauliza, kwa upole wake usio na moyo:
Una uhakika?

Sikujua akarudi, anajifuta midomo,
akanikuta kidole kiko hewani.
Akasoma majina ya faili, kimya, mpaka chini kabisa.
"Basi nunua diski ya nje. Kariakoo.
Bei ya kwanza usiikubali,
na ipime ujazo kabla hujatoka dukani,
kuna terabaiti za uongo."

Ni ndogo kama kipande cha sabuni ya mche.
Usiku, mlango nimeuegesha, nikahamisha.
Zimebaki dakika nne, ikasema.
Zimebaki saa tisa.
Zimebaki dakika nne.
Nikalala kwenye kiti.

Asubuhi iliwaka kabla sijakoroga chai.
Shomari kashika kaunta, shati limenyooshwa.
"Ile barua yangu bado unayo?
Badilisha jina la kampuni tu."

Ipo.
Nikaihifadhi upya: Shomari, ya kumi na mbili.
Hapo kwenye "kwa heshima na taadhima"
sikugusa kitu.