Bei ya Herufi Moja

Asubuhi naisoma Moshi kwa mapengo yake:
plasta mbichi Pasua, grili mpya isiyo na jina,
mirunda bado imeegemea ghorofa la Kiusa
na fundi rangi juu yake anapiga mluzi.
Hapo ndipo nasimamisha baiskeli.
"Mwenyewe nani? Anafungua nini?"
Fundi rangi hujua kabla ya manispaa.
Namwachia elfu mbili ya chai, ananiachia namba.

Ndivyo nilivyoisikia zahanati.

Usiku, kati ya mabati na harufu ya tina,
nikapiga makadirio kwa penseli:
bomba za mraba nne, bati geji ishirini na nane,
stika ya bluu, nyekundu kidogo ya msalaba,
Lembrisi wa kuchomelea, mkokoteni, kibali,
na luku, ambayo huisha katikati ya herufi.
Jumla ikanitisha mwenyewe.
Nikafuta faida, nikaandika faida ndogo,
nikaifuta nayo, nikairudisha.
Karatasi ikatoboka hapo.

Bahasha tatu mezani kwa Dokta Materu.
Yangu ina alama ya dole gumba, rangi ya kijani.
Yule wa Double Road ana mashine
inayokata herufi yeye akinywa soda.
Atashusha, niliwaza.
Akashusha. Laki na nusu chini yangu.
"Kazi nyingine ikitokea, fundi,"
sentensi ninayoweza kuichora nimefumba macho.

Wiki tatu zikapita na vibao vya mkono:
KIWANJA HIKI HAKIUZWI, kwa ndugu wawili wasiosalimiana;
HAPA HATUKOPESHI, kwa Mama Ndetaulwa,
aliyekichukua kwa mkopo.

Kisha simu. "Fundi, njoo uone."

Juu ya lango, taa zinawaka mchana kweupe,
bluu safi, kingo kali kama wembe:
ZAHANTI YA NEEMA.
Wagonjwa wamepita chini yake siku nane.
Mtoto mmoja, darasa la tatu, mwenye homa,
ndiye aliyeisoma kwa sauti,
akaanza upya, akakwama palepale.

"Na aliyeitengeneza?"
"Hapokei simu. Sasa, A moja tu, shilingi ngapi?"

Nikapanda ngazi na futi kamba.
Kati ya N na T haipiti hata kucha.
A haiingii mpaka T na I zisogee,
zikisogea, YA haina pa kukaa,
NEEMA inadondokea barabarani.

Nikamwambia nitaleta bahasha.
Alicheka. Mimi nilikuwa nahesabu.

Kibandani kwangu, juu ya mlango, miaka sita sasa,
lipo bati nililolipaka nyeupe ya kwanza
nikaahidi kuliandika siku nikikosa kazi.
Siku hizo zimekuja, nyingi tu. Bati bado jeupe.
Nikaketi chini yake. Penseli. Karatasi.
Herufi A: moja.
Mstari wa pili: kuhamisha majirani, tisa.