Taa Isiyowaka

Betri ya kwanza niliinunua Oktoba,
malipo ya mnada wa kwanza wa korosho yalipotoka.
Ya pili, wiki mbili kabla ya Krismasi,
kwa Ng'itu yuleyule, kaunta ileile,
naye akanifungia kamba kwa upole
kama mtu anayetoa rambirambi.

Na bado Datsuni ya marehemu baba
ilinizimikia Chikundi, saa moja usiku,
magunia matupu ya chama yamejaa nyuma,
honi inakohoa, waipa zimesujudu
katikati ya kioo, haziinuki.
Taa za mbele zikawa rangi ya chai,
kisha rangi ya maji yaliyosuuzia kikombe.

"Betri," alisema dereva wa lori.
"Betri," alisema mtu wa baiskeli, bila kushuka.
"Betri hiyo," alisema shemeji kwa simu
kutoka Newala, gari hajaliona.

Fundi Chitanda wa Mkuti hakusema betri.
Alikaa juu ya ringi ya Isuzu,
akala muhogo wake mpaka mwisho,
akafuta mikono kwa gazeti, akauliza
jambo ambalo hakuna aliyeniuliza:
"Ukifungua swichi, kabla hujapiga staata,
ile taa nyekundu huwaka?"

Haiwaki, nikamwambia, nikajivunia kidogo.
Tangu Juni haijanisumbua hata siku moja.
Akacheka kwa pua.
"Basi dada, hapo ndipo ilipokuwa inakuita."

Mkanda akaubonyeza kwa dole gumba: umekaza.
Injini ikiunguruma, akaweka mpini wa bisibisi sikioni,
ncha juu ya alteneta, macho kafumba:
beringi nzima, hazisagi mchanga.
Mita ikasoma kumi na mbili nukta moja.
Mfaume, kijana wake, akakanyaga mafuta
hadi bati la mama ntilie likatetemeka.
Kumi na mbili nukta moja.

Mimi ni karani wa chama cha msingi.
Hesabu ya namna hiyo naijua:
matumizi kila siku, mapato sifuri,
na kikaoni wote wanalaumu kibubu.

Kisha akazima, akafungua swichi, akaniita nione.
Alishika bisibisi kwa vidole viwili
nyuma ya alteneta, mahali pa sumaku.
Ikaning'inia tu.
Chuma kilipita mbele ya chuma
kama watu walionuniana sokoni.

Alipoifungua, kaboni moja ilikuwa na urefu wa kucha.
Ya pili imelika, imebaki punje ya mtama,
haigusi tena kitu.
Umeme wa kuamsha sumaku haukupita,
na ile taa nyekundu, inayokunywa kisima hichohicho,
ingewakaje?

Baba naye mwaka ule mzima
alisema hajambo.

Kaboni za Datsuni, Masasi nzima hakuna.
Chitanda akatoa za drili iliyokufa,
akazisugua kwenye ngazi ya saruji,
anapima kwa jicho, anapuliza, anasugua tena,
hadi zikateleza ndani ya nyumba yake
bila kukwama, bila kucheza.
Akalehemu nyuzi zake. Elfu kumi na tano.
Sikumwambia betri mbili zilinigharimu kiasi gani.

Jua likielekea nyuma ya vilima vya mawe
nikafungua swichi, na taa ya hatari ikawaka,
nyekundu, safi, kama pilipili mbichi ya mbuzi iliyoiva;
nilitaka kumkumbatia mtu.
Staata. Ikazimika yenyewe.
Mfaume akasoma kwa sauti: kumi na nne nukta moja!
Ng'itu, betri zako nilizituhumu bure.
Wewe sijakusamehe bado.

Usiku, njia ya Ndanda, palepale Chikundi,
lori lililokuja mbele likaniwashia fulu mara mbili, kwa hasira:
punguza taa, unaniumiza macho.

Nilipunguza.
Sikufanya haraka.