Mama Auliza Habari za Juu

Nimerudi Goma na begi moja na uvumi wa ndege masikioni.
Mama yangu, Kasoki, anachambua maharagwe kwenye ungo,
hanitazami. Anasema: Haya. Juu kulikuwaje?

Namwambia: lifti yao, mama, haina mshindo.
Unaingia, taa zinafifia, masikio yanaziba,
ukimeza mate mara mbili umeshafika ghorofa ya sitini.
Anatupa kijiwe. Sitini?
Sitini.
Na maiti wanaishushaje?

Hilo sikuuliza.
Wiki tatu Osaka nikijifunza mashine za kupima mitetemeko,
madaftari mawili nimejaza,
na hilo sikuuliza.

Kiingilio je? Namtajia yeni,
nazigeuza dola, dola nazigeuza faranga,
faranga yeye anazigeuza makala:
Karibu nusu gunia. Kwa kutazama tu?
Kwa kutazama tu.

Basi namweleza nilichokitazama:
mji usio na mwisho, rangi ya majivu ya jana,
mito imenyooka kama imepigwa pasi,
treni zikipita kimya, siafu wanaojua waendako,
na mahali fulani sakafu ni kioo.
Watoto wa shule, kofia za manjano, wanairukia wakicheka;
mimi nimeukumbatia ukuta,
mwana wa Goma, miguu imegoma.

Mwalimu wetu, bwana Morishita, akaninong'oneza
kwamba jengo lile limefundishwa kuyumba.
Ardhi ikitikisika halibishani nayo,
linainama huku, linainama kule,
kama mlevi anayeijua njia ya kwao.

Hapo mama akaweka ungo chini.
Akagonga mbao za sakafu kwa kisigino, mara tatu,
kama anayebisha hodi.

Chini yake kuna nyumba yetu ya kwanza.
Januari ile, elfu mbili na mbili, mlima ulishuka mjini,
ukafuata barabara kama mwenyeji,
ukaingia sebuleni bila kuvua viatu.
Mle ndani kuna kabati la baba, cherehani,
sahani sita za harusi,
kalenda ambayo haikufika Februari.
Jiwe lilipoanza kupoa, likiwa bado linachoma soli,
baba alihesabu hatua juu yake, akasimamisha nguzo
palepale, kwa kuwa hati ya kiwanja ilikuwa mfukoni mwake
na haikuungua.
Hivyo ndivyo tulivyohamia ghorofani,
bila ngazi, bila mtu wa kutukatia tiketi.

Sisi, anasema mama, kuyumba hatukufundishwa.
Anaokota ungo wake.

Jioni anatoka nyuma ya jikoni, kama kila jioni,
anapanda rundo la mawe meusi,
anaangalia kaskazini, anga limewiva kiasi gani.
Dakika moja, labda mbili. Anarudi, hasemi kitu,
nami najua kwamba leo tutavua nguo kabla ya kulala.
Mimi kwa kazi hiyohiyo nina mashine, na mshahara,
mshahara ukitoka.

Tukiwa tumeshalala, namwambia la mwisho:
kulikuwa na darubini inayokula sarafu.
Nikailisha moja, nikaielekeza magharibi,
ujinga tu, mama, Goma si mtaa wa pili.
Nikaona paa, matangi, paa, halafu roshani,
na mwanamke wa makamo akianika nguo.
Kisha sarafu ikaisha, kukawa giza.

Mama ameinuka kwa kiwiko.
Alikuwa anaanika nini?
Mashuka.
Mangapi?
Sikumbuki. Mawili.
Na upepo?
Ulikuwepo.

Basi yamekauka, anasema,
na anapuliza koroboi.