Mstari Uliorukwa

Ghorofa ya tatu, Lalitpur, juu ya duka la vyungu vya shaba,
nakaa na kamusi iliyovunjika mgongo
na trei mbili: Zinazokuja, Zinazokwenda.
Kazi yangu ni kuvusha.
Maneno ya watoto wa matanuri ya tofali nayavusha hadi Uholanzi,
na ya Uholanzi nayarudisha kwenye vumbi jekundu.

Ukimfadhili mbuzi, utakunywa mchuzi;
ukimfadhili mtoto, utapata barua mbili kwa mwaka,
moja ya Dashain, moja baada ya mtihani,
na picha: sare ya buluu, soksi hadi magotini,
nywele zimetiwa mafuta ya haradali zikatulia.

Kanuni zimebandikwa ukutani:
Mtoto asiombe kitu.
Asitaje deni la baba kwa msimamizi wa tanuri.
Asilie kwa maandishi.
(Hili la mwisho halikuandikwa. Sote tunalijua.)

Leo ni zamu ya Dilmaya, namba 2217, miaka kumi na mmoja.
Bibi Wietske kamwandikia kutoka Friesland
kwamba mbwa wake anachechemea,
kwamba mfereji umeganda, watu wanateleza juu yake kwa viatu vya chuma,
na je, mpenzi, wewe unapenda rangi gani?

Dilmaya kajibu kwa penseli,
kabonyeza hadi karatasi ikatoboka kwenye nukta:
"Napenda rangi ya tofali bichi, kabla halijaingia motoni.
Mbwa mpe pole. Punda wa hapa nao huchechemea, ila hawapumzishwi.
Nimekuwa wa nne kati ya hamsini na mbili.
Mdogo wangu Phurba hana picha kwenu.
Yeye hugeuza matofali juani, mia tano kwa siku.
Je, picha yangu inaweza kukatwa katikati,
naye akae upande mmoja?
Mimi ni mwembamba. Tutaenea."

Kalamu imefika hapo, ikasita.
Miaka tisa nimekuwa fundi wa kuruka.
Mstari kama huu huugeuza: Ndugu zangu wanakusalimu.

Mimi pia nilikuwa namba. 0348.
Mfadhili wangu Bwana Sjoerd, mtengeneza saa,
stempu zake zilikaa upande, kama za mtu aliyezibandika garini.
Nikiwa darasa la nane barua zikakatika.
Ada ililipwa na mfuko wa jumla, sikufukuzwa;
ila kila siku ya posta nilisimama mlangoni
nikijikagua: nilikosea nini? Mwandiko? Hesabu?
Barua yake ya mwisho niliitunza hadi ikachanika kwenye mikunjo.
Ilimalizia: "Huku hali ya hewa ni nzuri."

Mwezi uliopita dari lilivuja, tukahamisha makabati,
nikaikuta asili yake, kwa mkono wa Sjoerd mwenyewe,
na lugha yake sasa naisoma:
"Mke wangu tumemzika Jumanne. Duka nalifunga.
Baada ya Juni sitakuwa na pesa. Mwambieni mtoto
kosa si lake. Mwambieni hivyo hasa."

Kosa si lake.
Maneno matatu, miaka kumi na saba kabatini.
Aliyeyaruka hakuwa mwovu. Alikuwa na kanuni ukutani,
na trei mbili, na chai inayopoa.
Alinihurumia, akanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Ya Dilmaya nimeyaandika yote,
punda, mia tano, kukatwa katikati.
"Tutaenea" imenitaabisha; Kiholanzi hakina neno jembamba hivyo.
Nikaandika: tutabanana. Nikafuta.
Nikaandika: nafasi ipo. Nikaacha.

Jumapili Bwana Rajkarnikar atazipitia kwa kalamu nyekundu.
Leo ni Ijumaa.
Posta ya chini hufunga saa kumi.
Ni tisa na nusu, na stempu ninazo.
Natafuta viatu.