Ng'ambo ya Reli

Nilishuka Winnipeg alfajiri,
shanta mgongoni, zipu yake imekufa tangu Thunder Bay,
nimeifunga kwa kamba ya kiatu.
Baridi haikunisalimu. Ilinipekua:
ikaingia puani, ikahesabu meno,
ikatoka na neno nililotaka kusema.

Mwenye nyumba ya wageni, Bwana Friesen,
mtu mwema, soksi za sufu, kahawa nzito,
alinitandazia ramani mezani
akashika kalamu nyekundu.
Hapa mito miwili inakutana. Hapa makumbusho.
Hapa mkate wa mdalasini, usiukose.
Kisha akapiga mstari kuifuata reli, taratibu,
kama fundi anayekata kitambaa cha mtu mwingine.
"Huku ng'ambo, usiende."
Kuna nini?
Akakifunika kifuniko cha kalamu.
"Hakuna kitu," akasema. "Ndiyo maana."

Mimi nimekulia Korogwe.
Najua vitu vinavyofichwa ndani ya hakuna.

Nikaenda.

Barabara inainama, inapita chini ya reli.
Nilihesabu hatua mia na kumi na tatu gizani,
maji yanadondoka, njiwa wanakohoa,
halafu unachomoza upande wa pili
na jua ni lile lile,
theluji ni ile ile,
ila huku hakuna aliyekuja kuizoa.

Dukani niliingia kutafuta soksi.
Askari wa mlangoni, koti limemzidi mabega,
akanitazama usoni, akatazama hina kucha zangu, akarudi usoni.
"Dada, wewe si wa kwetu?"
Kiswahili! Kiswahili cha Uvira,
kilichotembea kambi hadi kambi miaka kumi na minne
kikaja kusimama kwenye mlango huu wa kioo.
Anaitwa Byamungu. Tulishikana mikono yote miwili.
Alikuwa ananieleza unga wa muhogo unauzwa wapi
pale alipoingia mama mmoja, msuko wa mvi hadi kiunoni,
na Byamungu akaiacha sentensi yake hewani.

Kwenye maziwa, akamfuata.
Kwenye nepi, akamfuata.
Hatua tatu nyuma, kivuli kinacholipwa kwa saa.
Mama hakugeuka hata mara moja.
Alilipa sarafu kwa sarafu, akadai risiti,
akaishika juu mkononi kama pasi ya kusafiria
mpaka akavuka mlango.

(Toronto, wiki iliyopita, kivuli kile kilikuwa changu.)

"Hawa usiwazoee, dada. Walevi. Kazi hawataki."

Kwa Kiswahili.
Kwa lugha niliyofundishwa nayo kunawa mikono,
lugha inayosema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sasa hapa mwenyeji ni nani?
Friesen, ambaye babu yake alishuka melini na mbegu za ngano?
Byamungu, na kadi ya ukaazi inayonuka plastiki mpya?
Mimi, viza ya miezi sita,
navuka mstari mwekundu kwenda na kurudi
kama mwonja mchuzi wa sufuria mbili?
Na yule ambaye mji mzima unaitwa kwa lugha ya bibi zake
anatoka dukani na risiti juu.
Hajapona. Tumekuja wangapi, na hajapona.

Nilimkuta kituoni, kwenye kibanda cha basi.
Akausogeza mfuko wa maziwa, nikae.
Tulinyamaza muda mrefu, pumzi zetu zikipanda
na kuchanganyika bila kuulizana.
Akatazama chini.
"Viatu hivyo vitakuua," akasema.
Aliniambia jina lake, Verna, na duka la mitumba
lenye mabuti mazuri, mtaa wa pili, mwulize Doreen.

Sikumwambia kwamba mle dukani,
Byamungu aliposema yale maneno,
nilimjibu.
Nilimjibu haraka, kwa adabu, kama nilivyolelewa:
asante, kaka.

Basi lilikuja. Lilikuwa lake, si langu.