Kopo la Chini ya Ngazi

Kule Halifax, mvua haibishi hodi,
wana msemo: huwezi kuila keki yako
na ukabaki nayo.
Husema hivyo wakikaza midomo, kama waliokwisha tia kufuli.

Enid Thwaite aliiweka ghorofa ya juu
ya keki ya arusi yake, zabibu kavu, lozi, brandi,
ndani ya kopo la biskuti,
akingojea ubatizo.
Mtoto hakuja.
Kila Desemba Clifford aliinyunyizia kijiko cha brandi,
akafunika. Hakuuliza.

Miaka thelathini na minane.

Jumanne moja Clifford akarudi kutoka hospitali
na karatasi aliyoikunja mara nne.
Enid akaleta kisu.
Sukari ilikuwa ngumu kama lipu; ikalia, ikapasuka.
Ndani nyeusi, laini, tamu mpaka meno yakauma.
Walikula wamesimama, bila sahani,
makombo wakayafuata kwa kidole.
"Wala haijaharibika," akasema Clifford, mdomo umejaa.

Sasa kopo li tupu.
Asubuhi, kabla ya chai ya kikombe kimoja,
Enid hulifungua,
hunusa,
hufunika upesi
harufu isije ikaisha.